Je, Kijiti Chaweza Kutuondolea Dishi?

(Hotuba kwa vijana na wazazi, baada ya futari)



Wazazi wetu, vijana wenzangu, kina dada mlioko upande ule, na wewe msomaji ambaye maneno haya yatakufikia kwa karatasi:

Tangu Shaabani naulizwa swali moja, kwa kuwa nasoma mambo ya kompyuta chuoni. Wengine hunisimamisha hata mlangoni mwa msikiti, viatu bado viko mkononi. "Nikinunua kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya televisheni, naweza kuachana na malipo ya dishi?" Anayeuliza ataka ndiyo au la, aende zake. Lakini mwenye kukujibu hivyo bila kukuuliza kwanza kwenu kuna intaneti gani, na nani hutazama nini, huyo anabahatisha kwa pesa zako.

Tukijue kitu chenyewe kwanza. Kijiti ni kompyuta ndogo, umbo lake kama flashi. Chaingia kwenye tundu la HDMI la televisheni, chapata umeme kwa waya kama wa chaja ya simu, chashika waifai ya nyumbani, kisha kwa rimoti yake wafungua YouTube, Netflix na programu nyingine. Chromecast ya kwanza ilitoka mwaka 2013 kwa dola 35, na Fire TV Stick ya Amazon ikafuata mwaka 2014. Madukani kwetu vya Xiaomi vimeonekana sana, pamoja na visanduku vya Android ambavyo jina la mtengenezaji hulioni popote. Na kama televisheni yenu ni ile waiitayo smati, basi kazi ya kijiti huenda inafanyika humo ndani tayari. Jaribuni hiyo kabla ya kununua kitu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ndani ya kijiti hamna chaneli hata moja. Ni mlango tu. Dishi lashika mawimbi kutoka setilaiti, na malipo yako ya mwezi ni ufunguo wa kuyafungua. Ukitazama saa moja au saa kumi, gharama ni ile ile. Kijiti chaleta kila picha kwa intaneti, wakati ule ule unaotazama. Kwa hiyo bili haikufa. Imehama kutoka kampuni ya dishi kwenda kampuni ya intaneti.

Hesabu yake ni nyepesi. Netflix wenyewe waeleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida yaweza kula hadi gigabaiti 1, saa moja ya picha safi ya HD hadi gigabaiti 3, na ya 4K hadi 7. Chukua nyumba inayotazama saa 4 kwa siku, na mwezi wa Ramadhani, baina ya tarawehe na daku, saa 4 si nyingi. Kwa picha ya kawaida ni gigabaiti 120 kwa mwezi. Kwa HD ni 360.

Haya, weka majirani wawili wanaogawana ukuta. Wa kwanza ana faiba, alishaiweka kwa sababu ya masomo ya watoto na kazi za mama, na hulipa kiasi kimoja kila mwezi apende asipende. Huyu akichomeka kijiti, intaneti haimwongezei hata shilingi. Tuseme, kwa mfano tu, dishi lake ni Sh3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh36,000. Hiyo ni pesa ya kumlipia mtu karo. Jirani wa pili hana faiba, anaishi kwa bando la simu na kuwasha hotispoti. Kijiti ni kile kile, pengine wamenunua duka moja siku moja. Ila huyu wa pili akitia gigabaiti 120 kwa bei ya bando anayonunua yeye, atamkumbuka mwenye dishi kwa heri. Mmoja atasema kijiti ni neema, mwingine atasema ni wizi, na wote wawili wasema kweli.

Hata mwenye faiba aulize mambo mawili. Spidi: Netflix hushauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi kabisa ya HD. Baba akiwa sebuleni na dada yuko chumbani na yake, hizo ni 10, na simu za vijana bado hujazihesabu. Jambo la pili ni kikomo. Kuna vifurushi vya nyumbani ambavyo ukipita kiasi fulani spidi hupunguzwa mpaka mwezi uishe. Kikomo hicho huandikwa kwa herufi ndogo, nawe kisome.

Na si kila unacholipia kinahitaji kulipiwa. Mnakumbuka mwaka 2015? Matangazo ya analojia yalipozimwa, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani takriban wiki tatu kuanzia mwezi wa Februari kwa ule mvutano wa vyombo vya habari na serikali. Nyumba nyingi zilikimbilia king'amuzi cha kulipia zikidhani televisheni ya bure imekufa. Haikufa! Chaneli za humu nchini ziko hewani bure, kwa antena ya kawaida na king'amuzi kisicho cha malipo ya mwezi, na televisheni nyingi mpya zina king'amuzi hicho ndani, kinaandikwa DVB-T2. Kuna mzee namjua hulipa kifurushi kila mwezi, na anachotazama ni taarifa ya habari ya saa moja. Taarifa ile yaruka juu ya paa lake bure.

Tena kwa mwezi huu. Bibi zetu wengi dishi lao ni Makka tu, wataka kuuona Msikiti Mtukufu na kusikia tarawehe. Hiyo iko YouTube saa 24 kwa siku, moja kwa moja kutoka chaneli ya Qur'ani ya Saudia, na hailipiwi ada. Saa ya Makka na yetu ni moja, kwa hiyo bibi aona kinachotendeka wakati huo huo. Ila tazama huyo bibi mwenyewe. Dishi kwake ni kubonyeza nambari. Kijiti ni kuwasha, kusubiri, kuchagua picha, kutafuta, na siku ruta ikigoma hakuna Makka mpaka mjukuu arudi. Wewe mjukuu uko Nairobi chuoni. Kabla hujampigia baba debe la kuondoa dishi, kaa na bibi jioni mbili, rimoti iwe mkononi mwake, na wewe mikono yako uikalie. Akishindwa, mtafutieni antena na king'amuzi cha bure avute taarifa zake, na ya Makka mwekewe njia ya mkato mbele kabisa ya skrini.

Sasa mpira. Najua ndio mliokuwa mkiungoja, naona mnavyotabasamu.

Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza katika sehemu yetu ya Afrika zimekuwa mikononi mwa SuperSport kwa miaka mingi, na SuperSport ni ya MultiChoice, wenye DStv, ambao tangu Septemba 2025 wako chini ya Canal+ ya Ufaransa. Maana yake ni kwamba kijiti hakikuondolei huyo mwenye haki. Kitakachobadilika ni njia ya kumlipa. Na huko kwenye intaneti masharti yaweza kuwa mengine kabisa. Showmax ilipoanzishwa upya Februari 2024, kifurushi chake cha Ligi Kuu kilikuwa cha simu pekee. Mtu alinunua kijiti ili atazame kwenye skrini kubwa, kifurushi chamwambia tazama kiganjani. Vifurushi vya aina hii vyazaliwa na kufa haraka, kwa hivyo ulizia kilichopo wiki hiyo unayoamua, na uliza neno moja: "Chaonekana kwenye televisheni?" Halafu kuna kuchelewa. Picha ya intaneti yaweza kuwa nyuma ya dishi kwa nusu dakika hivi. Jirani atapiga kelele ya goli, wewe bado waona mtu anarusha mpira.

Vijana wenzangu, hapa tusiwe wepesi wa kumcheka baba. Kuna mzee ambaye mechi ya Jumamosi ndiyo starehe yake pekee kwa juma zima, na huitazama sebuleni na watoto wake wakiwa kando. Ukimwondolea, hataacha mpira. Ataufuata maskani au kwenye banda la video, arudi usiku. Mtakuwa mmeokoa pesa ya dishi na mmempoteza mzee sebuleni. Mimi nyumba kama hiyo naiambia ibaki na dishi, ishushe kifurushi mpaka kile cha chini chenye mechi anazozitaka, na miezi ya kiangazi cha Ulaya ligi ikilala isilipe kitu.

Hapo sasa ndipo tulipo na bahati kuliko Wamarekani. Kwao mtu alifungwa na mkataba wa mwaka au miwili, kuondoka ni faini na simu za kubembelezwa. Huku kwetu dishi ni kulipa kabla, kama umeme wa tokeni. Hujalipa, limelala, ukilipa, limeamka. Kwa nini basi uuze king'amuzi kwa haraka? Usilipe mwezi mmoja. Bandika karatasi kando ya televisheni, kila mtu aandike alichokitafuta akakikosa. Mwezi ukiisha isomeni pamoja. Karatasi ikiwa tupu, jibu mnalo. Ikiwa imejaa jina la mtu mmoja, basi mzungumze juu ya huyo mtu.

Kuna mambo mawili ya hatari, siwezi kushuka hapa bila kuyataja.

La kwanza ni vile visanduku vya bei ya kutupa. Januari 2023 mtaalamu mmoja alifungua kisanduku cha T95, kilichokuwa kikiuzwa waziwazi mtandaoni, akakuta programu chafu imewekwa humo tangu kinatengenezwa. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo juu ya mtandao uitwao BADBOX 2.0, na Julai mwaka huo Google ikaenda mahakamani ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 visivyo na idhini vimeingiliwa. Kisanduku hicho chakaa kwenye waifai ile ile ambayo baba hufungulia benki yake kwa simu, na wageni waweza kupitishia mambo yao kwenye laini yenu. Kukikagua ni rahisi: fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, nenda sehemu inayoeleza habari za programu, utazame kama yasema kifaa kina cheti. Hakina? Kirudishe dukani.

Tena hata kifaa halali kina mwenyewe mbali. Machi 2025 Chromecast za toleo la pili, zilizotoka 2015, zilikataa kufanya kazi duniani kote kwa sababu cheti chake cha ndani kilikwisha muda, na watu wakasubiri siku kadhaa mpaka Google irekebishe. Na intaneti yetu yapita chini ya bahari: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ililemewa. Wenye dishi siku hiyo hawakujua kuna nini. Wao hushikwa na mvua ya masika.

La pili ni yule kijana wa WhatsApp anayekuuzia "chaneli zote za dunia" kwa bei ya soda mbili. Chaneli hizo hakuzinunua. Siku zikizimwa katikati ya mechi, nambari yake haipatikani. Na kwetu sisi halikomei kwenye hasara. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha tano huko Kuwait Desemba 1988, ilipitisha kuwa haki za uandishi, uvumbuzi na majina ya biashara ni mali inayolindwa kisharia, haijuzu kuziingilia. Kuna wanaosema, "Lakini kampuni ni tajiri." Na mwenye duka la nguo hapo mtaani naye ni tajiri, mbona shati lake hamlichukui?

Kwa wazazi nina neno fupi. YouTube kwenye skrini kubwa haina saa ya kufunga. Katuni moja ikiisha nyingine yajileta, na ya tano sijui ni ya nani. Zimeni ile ya kujiendesha yenyewe, watoto wafungulieni akaunti yao, na nambari ya siri asiipange yule kijana wenu wa darasa la nane. Yeye ndiye mtaalamu wa nyumba, na ndiye mnayemchunga.

Mwenye kisanduku na hajui kama kina cheti, au asiyejua kama televisheni yake ina DVB-T2 ndani, kesho baada ya Alasiri nitakuwa hapa barazani mpaka karibu na Magharibi. Aje nacho, na waya wake na rimoti yake. Mwenye televisheni apige picha ile karatasi iliyoko nyuma yake, isije mtu akabeba skrini juu ya pikipiki.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.