Tuifuate Fomu ya Mkopo Mpaka Mwisho

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Wengi wenu mmetuuliza kama zile programu za kompyuta za kuchora hatua za kazi zinaweza kukifaa kikundi cha watu ishirini na watano. Zinafaa, ila si kama muuzaji anavyowasimulia.

Jambo lenyewe si geni. Huko Marekani mwaka 1921, Frank na Lillian Gilbreth walieleza namna ya kuonyesha kazi kwa alama, hatua kwa hatua, toka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi programu nyingi hutumia alama ziitwazo BPMN, zilizotolewa mwaka 2004. Duara ni mwanzo au mwisho, kisanduku ni kazi, na umbo la almasi ni pale penye uamuzi: ndiyo au la.

Haya, tuchukue mkopo wa karo. Katiba yenu inasema fomu, kamati, hundi. Hatua tatu tu! Lakini ifuateni fomu yenyewe. Mwandishi anakaa nayo akingoja mkutano wa mwezi. Kamati inaisoma, inairudisha kwa sababu mdhamini hakutia sahihi. Mwezi mwingine huo. Ikipita, hundi inamngoja mtia sahihi ambaye siku hizi anafanya kazi Nairobi. Mtoto naye ameshafukuzwa shule, yuko nyumbani anachunga mbuzi.

Kwa hiyo kila hatua iulizwe maswali mawili: kazi yenyewe inachukua muda gani, na karatasi inalala hapo siku ngapi? Mtaona kazi ni ya dakika, usingizi ni wa wiki. Mdhamini angeulizwa siku ile fomu inapopokelewa, mwezi mzima ungeokolewa bila kutumia hata shilingi.

Wengine watasema basi tupunguze sahihi. Hapana, jamani! Sahihi ndizo zinazolinda pesa za wanachama. Mbadilisheni mtu, achaguliwe anayeishi karibu, lakini idadi ya sahihi ibaki.

Anzeni chini, kwa mawe na maharagwe, ili hata nyanya asiyesoma aweze kusema, "Hapo mmeruka, mimi niliambiwa nirudi kesho." Kompyuta haiwezi kuwaambia hilo. Mkishakubaliana, kijana wenu achore kwa draw.io. Ni ya bure, na ukiiweka ndani ya kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Faida yake ni kwamba mkibadilisha hatua moja hamchori upya yote, na mnachapisha nakala ya kubandika ukutani. Zile programu kubwa zinazoendesha kazi zenyewe zahitaji fundi wa kuzitunza kila mara. Kwa sasa ziacheni.

Mkutano ujao, kila kikundi kilete fomu tatu za mikopo iliyokwisha kutolewa, zenye tarehe, na mtu mmoja aliyengoja sana. Mawe tutaokota hapa hapa.