MAJI, OILI NA BREKI: MANENO KWA WENYE MOTOKAA

Yafuatayo ni maneno ya hotuba waliyopewa madereva na watu wenye magari yao wenyewe.



Nimeombwa niseme nanyi habari za kuitunza motokaa. Mimi si fundi, wala sikupata kusomea kazi hiyo. Lakini nimeendesha gari miaka mingi, na siku moja nilikaribia kufa pamoja na mjomba wangu kwa ajili ya kichupa kidogo kilichomo chini ya boneti, ambacho sikupata kukitazama tangu siku niliponunua gari. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Basi nitaanza na hicho kichupa, na mengine yatafuata kama nafasi itatosha.

Tulikuwa twatoka Limuru, tukiteremka ile njia ya zamani iendayo Mai Mahiu, njia waliyoitengeneza mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao walijenga na kile kikanisa kidogo kilichoko chini ya mteremko. Nyuma tulipakia magunia ya viazi. Tangu juu nilikuwa nimeshika breki, mguu haukutoka katika kanyagio, maana nilidhani huo ndio uangalifu. Tulipofika kati ya mteremko, harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani. Kisha lile kanyagio, ambalo kwa desturi ni gumu, likalainika, likazama mpaka sakafuni, na gari lisipunguze mwendo hata kidogo. Mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, mbona huishiki breki?" Nikamjibu, "Mjomba, naishika."

Nikatia gea ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia kwa nguvu. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikalisogeza gari upande wa mlima, mbali na bonde, mpaka likasimama katika changarawe. Tukakaa kimya kitambo kirefu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Baada ya kama saa moja nilikanyaga tena, na breki zilikuwa nzima kabisa! Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Humwambia mwenye gari kwamba palitokea kasoro, naye hujaribu breki uwanjani, huziona ni nzima, na kesho gari hurudi barabarani. Mimi nilimpelekea fundi. Akafungua kile kichupa, akanionyesha mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama kahawa, akasema, "Bwana, haya yamekunywa maji."

Alinieleza hivi. Mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, polepole, mwezi baada ya mwezi, hata kama kifuniko kimefungwa. Yale yaitwayo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki mpaka yafike joto la digrii 230 za sentigredi au zaidi. Yakiisha kuingia maji, huweza kuchemka katika digrii 155 tu. Na breki zinazoshikwa bila kuachiliwa katika mteremko mrefu hupata moto mwingi kupita huo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyezeka, ambapo mafuta hayabonyezeki. Kwa hiyo mguu wa dereva huwa wasukuma mvuke, na nguvu yake haifiki magurudumuni. Gari likipoa, mvuke hugeuka tena kuwa maji, na breki hurudi kana kwamba hapakuwa na neno.

Dawa yake si ghali. Mafuta hayo yabadilishwe yote kila miaka miwili, na fundi atoe hewa katika mipira yote minne. Usitumie mkebe uliokaa wazi rafuni tangu mwaka juzi, kwa kuwa nao umekunywa maji. Wala usithubutu kutia oili ya injini mahali pake. Itavimbisha mipira iliyomo ndani na kuiharibu. Na ukiona mafuta yamepungua chini ya alama, usiongeze tu na kwenda zako. Ama breki zimelika, ama pana mahali panapovuja, nawe hapana budi ujue ni lipi.

Lakini mafuta mapya peke yake hayatamsaidia dereva asiyejua kuteremka. Teremka kwa gea ile ile ambayo ungepandia, na ubadili kabla ya kuanza mteremko. Ikiwa gari lako hubadili gea lenyewe, kama yalivyo mengi yaletwayo kutoka Japani, usiache mkono kwenye D tu. Sogeza kwenye 2 au L, herufi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Shika breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachilie ipoe.

Wako wanaotoa gea wakaliacha gari liteleze huru, ati wanaokoa mafuta. Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ulipata sifa mbaya kwa malori yaliyoteremshwa hivyo. Na hata hiyo akiba haipo. Katika motokaa za siku hizi, ukiteremka katika gea bila kukanyaga mafuta, mtambo huyakata mafuta yasiingie katika injini. Bali ukitoa gea, injini hulazimika kuyatumia ili isizimike. Sisemi kwamba kila msiba wa barabarani hutokana na jambo hili. Lakini tarehe 30 Juni, 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawaparamia watu waliokuwa wakifanya biashara na kungoja magari, wakafa zaidi ya 50. Yeyote aliyeona picha za siku ile hataona uzito kufungua boneti yake asubuhi.

Mai Mahiu, kwa Kikuyu, maana yake ni maji ya moto, nami hulikumbuka jina hilo kila nionapo gari limesimama likitoa mvuke. Katika nchi yetu ya juu maji huchemka mapema. Pale Nairobi huchemka katika digrii 94 au 95, wala hayafiki 100. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yasichemke upesi. Ukikifungua injini ikiwa na moto, maji yote huchemka mara moja na kukurukia usoni na kifuani. Zima injini, ungoje mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono mtupu. Na maji ya mto si mazuri. Huacha matope na chumvi ndani. Tumia dawa ya rejeta iliyoagizwa na waliotengeneza gari.

Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa. Futa kile kijiti, kirudishe, kitoe tena. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Usiliendeshe tena hata mpaka sokoni.

Kuhusu matairi, nawaona wengi wakiyapiga teke na kuridhika. Teke halipimi upepo. Pima kwa kipimo, asubuhi, kabla ya mwendo, kwa kuwa tairi lenye moto huonyesha upepo mwingi kuliko ulivyo. Tairi lisilojaa hujikunja-kunja, hupata joto, na kupasuka. Na wasafiri wa kati ya Mtito Andei na Voi wanajua joto la lami ya huko saa saba mchana. Wanunuzi wa matairi yaliyotumika, tazameni tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno marefu na huku mpira wake umezeeka na kupasuka-pasuka.

Betri sitasema mengi. Ule unga mweupe juu ya vichwa vyake huondoka kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, baada ya kufungua waya, ule wa hasi kwanza. Msiwashe kiberiti karibu nayo.

Neno moja limebaki, nalo ni la njiani. Gari likiharibika, weka pembetatu zako nyekundu mbali nyuma ya gari, kabla ya kona na si baada yake. Kama ulikata matawi ukayatandaza barabarani, yaondoe kabla hujaondoka. Siku ile mjomba alirudi kwa miguu kupanda mteremko, mwenye miaka sitini na kitu, kwenda kuokota tawi moja tulilolisahau, nami nikamngoja.