Ukuta wa mchezo, nyumba ya mtu

Hotuba kwa waongozaji wa vijana kuhusu michezo ya vita ya kompyuta

 

Niliombwa niseme juu ya jambo linalowasumbua wengi kati yenu. Vijana wetu wanacheza michezo ya vita kwenye kompyuta na kwenye simu. Wazazi wengine wanataka tuipige marufuku yote. Wengine wanasema ni mchezo tu, tuwaache. Mimi naomba tusijibu ndiyo wala hapana kabla hatujatazama mchezo wenyewe unafanya nini. Kijana akiona mtu mzima anakataza kitu asichokijua, anamsikiliza kwa adabu, halafu anaendelea pembeni.

Leo nachukua aina moja tu, yaani michezo ya zamu. Humo hakuna kushindana kwa mbio za vidole. Unasogeza askari wako wote, unamaliza, kisha adui naye anasogeza wake, kama katika dama. Mfano wangu ni XCOM: Enemy Unknown, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Firaxis ya Marekani. Unafuata nyayo za mchezo wa mwaka 1994 uliobuniwa na Mwingereza Julian Gollop. Dunia imevamiwa na viumbe kutoka angani, na wewe unaongoza kikosi kidogo cha askari wanne hadi sita.

Kinga na ubavu

Mchezaji anajifunza mapema kwamba askari asiye na kitu cha kujikinga anakufa. Kitu kifupi, kama ukuta wa kufika kiunoni, ni nusu kinga. Kitu kirefu, kama pembe ya nyumba au mti mnene, ni kinga kamili. Mchezo unaonyesha hayo kwa alama ya ngao: ngao nusu au ngao nzima.

Nyuma ya ngao hizo kuna hesabu. Askari mgeni ana shabaha ya 65. Akimlenga adui aliye wazi, tukiacha habari ya umbali, ana nafasi 65 kwa 100 ya kumpata. Nusu kinga inaondoa 20, anabaki na 45. Kinga kamili inaondoa 40, anabaki na 25. Anayejikunyata nyuma ya kinga bila kufyatua, kinga yake inahesabiwa mara mbili.

Lakini kinga ina upande. Ukuta ulio mbele yako haukulindi na mtu anayetokea ubavuni. Basi mchezaji hodari anamwacha askari mmoja mbele amshughulishe adui, na kumtuma mwingine azunguke. Akifika ubavuni, ukuta wa adui unahesabiwa kuwa si kitu. Zile 65 zinarudi zote, na nafasi ya kumjeruhi vibaya sana inaongezeka kwa 50. Mbinu hii haikuzaliwa na kompyuta. Hannibal aliwazunguka Waroma ubavuni kule Cannae mwaka 216 kabla ya Kristo.

Kuzunguka nako kuna bei yake. Anayekimbilia ubavuni anaingia mahali ambapo hajapaona, na anaweza kuamsha kundi jingine la maadui lililokuwa limetulia. Askari akifa, amekufa, na jina lake linaandikwa katika ukuta wa kumbukumbu. Kuna hata namna ya kucheza ambayo haimruhusu mchezaji kurudi nyuma na kufuta kosa lake.

Tuseme haki: mchezo huu unafundisha mambo mazuri. Unafundisha kufikiri kabla ya kutenda, kumlinda mwenzako, na kujua kwamba hakuna ukuta unaokinga pande zote. Kijana anayekaa dakika tano akipima hatua moja si mvivu wala si mjinga. Msimwambie hivyo.

Mambo ambayo mchezo hausemi

Kwanza, kuficha si kuzuia. Katika mchezo, gari au kaunta ya duka inapunguza nafasi ya kupigwa. Katika maisha, risasi ya bunduki ya vita inapita katika mlango wa gari, katika mabati na katika mbao. Wengi wetu tunakaa katika nyumba za mbao. Mtoto anayesimama nyuma ya ukuta wa mbao haonekani, lakini hajakingwa. Mfundisheni kwamba akisikia milio ya risasi alale chini kabisa, mbali na madirisha, na kama kuna ukuta wa mawe au shimo, aende huko kwa kutambaa. Wala asiinuke kwenda kuchungulia. Jambo hili moja linaweza kuokoa mtoto, hata kama mengine yote ya leo mtayasahau.

Pili, ukuta una mwenyewe. Hili ndilo ninalotaka mrudi nalo nyumbani. Askari wa XCOM wanapigana katika vituo vya petroli, katika maduka, barabarani. Bomu la mkono linavunja ukuta ili adui abaki wazi. Magari yanashika moto na kulipuka. Na sasa angalieni mchezo unamdai nini mchezaji. Akimwua adui kwa mlipuko, anapoteza vifaa ambavyo angeviokota kwa adui yule. Hiyo ndiyo hasara anayohesabiwa. Lile duka lililobomoka halimo katika hesabu. Hakuna anayeuliza lilikuwa la nani, na familia yake itakula nini kesho.

Ni kweli zipo kazi katika mchezo huo za kuokoa raia, na idadi ya waliookolewa inahesabiwa mwishoni. Ni vizuri. Lakini raia hao wanasimama tu wakingoja askari awafikie. Hawana parsele, hawana shamba, hawana jirani wa kurudia.

Sisi tunajua upande huo ambao mchezo hauonyeshi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wahamaji wa vita pembeni ya Goma, huko Lac Vert na Mugunga, na watu wakafa, wakiwemo watoto. Walikuwa wamekimbia vita, na vita vikawafuata. Watu wenye silaha wakikaa karibu na kambi, katika shule au katika parsele ya mtu, wao wamepata kinga. Lakini mwenye nyumba hakuulizwa. Amegeuzwa kuwa ukuta. Na adui wao akizunguka ubavuni, anazunguka kupitia jiko lake.

Sheria inasemaje

Vijana wengine wanadhani katika vita hakuna sheria. Ipo. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza kuwatumia raia kuwa kinga ya mahali pa kivita au ya askari wanaosogea. Inataka pia majeshi yajitahidi kutoweka vituo vyao ndani ya makao ya watu wengi wala karibu nayo. Tena inasema kwamba kukiwa na mashaka kama nyumba au shule inatumiwa kivita, ihesabiwe kuwa ya raia. Nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1982, ilipoitwa Zaire. Katazo la kuwatumia raia kuwa kinga linashika pia katika vita vya ndani ya nchi, kwa sheria ya desturi.

Shikeni na neno hili. Upande mmoja ukijificha nyuma ya raia, upande wa pili haupati ruhusa ya kupiga bila kujali. Kosa la huyu halifuti wajibu wa yule. Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, maana kila mmoja anasema, "Lakini wao ndio walioanza."

Mchezo mwingine, hesabu nyingine

Wale wanaosema mchezo wa vita hauwezi kutengenezwa kwa namna nyingine, wautazame Into the Breach, uliotolewa mwaka 2018 na Subset Games. Nao ni wa zamu. Uwanja wake ni mdogo, vyumba 8 kwa 8 kama ubao wa sataranji, na una mashine tatu tu. Kabla hujacheza, adui anakuonyesha wazi ni wapi atapiga. Kazi yako ni kuzuia pigo hilo lisiangukie majengo wanamokaa watu. Mara nyingi hatua nzuri si kumwua adui bali kumsukuma chumba kimoja, pigo lake liangukie pasipo na mtu, au limpate mwenzake. Huna lazima ya kuwamaliza. Ukivumilia zamu chache, wanaondoka. Lakini majengo yakipigwa mno, umeshindwa, hata kama umeua wengi.

Angalieni tofauti. Silaha zipo kote kuwili, na akili inatumika kote kuwili. Kilichobadilika ni kinachohesabiwa. Katika mchezo wa kwanza nyumba ni kinga ya askari. Katika wa pili askari ni kinga ya nyumba.

Namna ya kufanya katika vituo vyenu

Uzuri wa mchezo wa zamu ni kwamba unangoja. Mnaweza kuusimamisha wakati wowote na kuzungumza. Basi vijana wakicheza, kaeni nao, na zamu ikiisha waulizeni maswali matatu tu.

La kwanza: Ukuta huu ni wa nani? Wacheni wajibu wenyewe. Wampe mwenye nyumba jina, watoto, kazi. La pili: Wewe ungekuwa ndani, ungetaka askari huyu afanye nini? La tatu: Iko njia nyingine ya kumaliza zamu hii, hata kama ni ndefu au ina faida ndogo? Kisha wachezeni tena njia hiyo waone gharama yake. Msiwadanganye kwamba haina gharama.

Kuna tahadhari moja kubwa. Kati ya vijana wenu wapo waliotoka katika vikundi vyenye silaha, na wapo waliojificha nyuma ya ukuta wa kweli. Msimlazimishe mtu yeyote kucheza wala kusimulia. Kamwe msimwulize kijana ameua wangapi, hata kwa utani. Akinyamaza ghafla au akitoka nje, mmoja wenu amfuate kwa upole, akae naye, na kama anahitaji, amsindikize kwa mtu aliyefundishwa kusikiliza majeraha ya moyo. Michezo yenye damu nyingi msiiweke mbele ya watoto wadogo. Na kituo kisichokuwa na mtu wa kukaa na vijana, afadhali kiweke mpira au dama.

Ndugu na dada, vijana hawa ndio watakaoulizwa kesho kama wanakubali silaha zihifadhiwe katika shule, au kikosi kilale katika parsele ya mjane kwa sababu ina ukuta mzuri. Siku hiyo hatutakuwa pamoja nao. Tuwazoeze leo kuuliza ukuta ni wa nani, na kumngoja mwenyewe ajibu.