MAJI, MOSHI NA UMEME NI JAMBO MOJA

(Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Maji na Mazingira kwa mkutano mkuu wa ushirika wetu)



Leo tunalo shauri moja la kukata: vinyungu vya kando ya kijito. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, hebu tuelewane kwanza maji haya yanakwenda wapi.

Kijito chetu kinashuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Ruaha unapita Ihefu na Hifadhi ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera, halafu Kidatu, mwisho unamwaga Rufiji. Mitambo ya Mtera ilijengwa kutoa megawati 80, ya Kidatu megawati 204. Basi maji ya hapa ndiyo taa za huko mjini. Tangu mwaka 1993 Ruaha umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakasongamana madimbwini. Mwaka 2006, ukame ulipozidi, Mtera lilipungua sana na umeme ukagawiwa kwa zamu.

Jamani, tusiisingizie mvua peke yake. Kweli hali ya hewa imebadilika. Lakini mifereji ya mpunga inachukua maji hata kiangazi, vyanzo vimelimwa, na miti imekatwa.

Miti hiyo inaishia wapi? Mingi inaishia jikoni, na anayevuta moshi wake ni mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Ni neno jema. Lakini mtungi wa gesi haujazwi kwa hotuba, unajazwa kwa fedha. Wakati tunajikusanyia fedha hizo, kila nyumba iwe na jiko banifu la udongo na dirisha la kutolea moshi. Udongo tunao, mafundi tunao.

Sasa vinyungu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wenye vinyungu wanauliza: "Mbona sheria inatushukia sisi wa bustani ya mboga, na wa mifereji mikubwa huko chini je?" Swali hili ni la haki, lijibiwe. Kiangazi, kinyungu ndicho ada ya shule na chumvi ya nyumbani. Kumwondoa mtu bila kumpa pengine pa kulima ni kumfukuza usiku arudi kulima kwa wizi.

Kamati inaleta mapendekezo manne:

1. Tupime mita 60 kwa kamba, wote tukiwepo, bila kumruka mkubwa wala kiongozi.

2. Anayepoteza kinyungu apewe kipande katika shamba la ushirika, na avune kwanza kilichopo.

3. Milingoti ya ukingoni ing'olewe, maana inakunywa maji mno. Tupande mivengi na miti mingine rafiki wa maji.

4. Wajumbe wawili, mmoja awe mama, waende kwenye Jumuiya ya Watumia Maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Waulize wenye mifereji wana vibali vya maji kiasi gani, na kama kiangazi wanafunga milango ya mifereji.

La pili likikataliwa, Kamati haitaki la kwanza lipite. Mzigo wa wote usibebwe na nyumba chache.

Ndugu, wa juu akichafua, wa chini hanywi. Nasi pia tuna wa juu yetu. Semeni, ubishi tuumalizie hapa, tusiupeleke kilabuni.

Ushirika ni nguvu.