Ugonjwa wa Chakula: Tuulize Njia, Tusitafute Mtu wa Kupiga
(Hotuba ya mwanachama wa karakana katika mkutano wa tawi)



Mimi si daktari, ni mtu wa spana na nyundo. Lakini tumbo ni la kila mtu, na kibarua akilala nyumbani siku tatu kwa kuhara, siku tatu hizo hazina mshahara. Kwa hiyo jambo hili ni la chama.

Ninalotaka kusema ni moja tu. Ugonjwa wa chakula ukiingia mahali, watu wengi huuliza, "Ni nani?" Hawaulizi, "Umepita njia gani?" Wengine husema fulani amerogwa. Wengine husema ni shauri la Mungu. Wengine huona haya kusema kwamba wanahara, wakanyamaza mpaka wamebebwa. Na wengi hukimbilia kumtukana mama anayeuza chakula.

Sisi watu wa reli tunajua kazi hii. Treni ikitoka relini, hatumpigi dereva tukaenda zetu. Tunatazama reli, tunatazama mataruma, tunatazama magurudumu na breki, kwa maana tusipoona sababu, treni ya kesho itaanguka pale pale.

Sikilizeni habari ya Ukambani. Mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua, na 125 wakafa. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Macho yao yaligeuka manjano. Kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa ini wa kuambukizana. Walipopimwa ikaonekana sivyo. Ilikuwa ni mahindi yenyewe. Yaliwekwa yangali na unyevu, mengine ndani ya nyumba za kulala, yakaota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu iitwayo sumukuvu, au aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Chemsha githeri tangu asubuhi hata jioni, sumu ingali mle sufuriani.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa sumu iyo hiyo, na 12 wakafa. Sasa niambieni, hapo utampiga nani? Mama yule aliwapikia watoto wake mahindi ya shamba lake mwenyewe. Na ukimwambia mwenye njaa amwage debe la mahindi, atakuona huna akili. Maneno matupu hayatoshi. Lazima apate mahindi mengine badala yake. Ndiyo sababu mwaka ule Serikali iligawa chakula kingine kule.

Habari ya pili ni ya kipindupindu. Watu walizoea kusema kwamba huo ni ugonjwa wa watu wachafu wa mitaa ya mabanda. Tangu mwisho wa mwaka 2014 ulikuwa ukitembea nchini, kaunti hata kaunti, na wengi hawakushtuka. Mwezi wa Juni 2017 ukaingia katika hoteli kubwa ya Nairobi, na walioanguka ni wajumbe wa mkutano wa mambo ya afya! Mwezi wa Julai ukaingia katika maonyesho ya biashara kwenye jumba la KICC, na mawaziri wawili wakalazwa. Ndipo amri zikatoka upesi, wapishi wakaambiwa wapimwe upya. Amri ile ilikuwa njema. Lakini mdudu wa kipindupindu hatazami suti wala ovaroli. Hupita katika maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, basi.

Na hapa kwetu kazini mambo si mbali. Katika karakana moja ninayoijua, watu kumi na mmoja waliharisha baada ya chakula cha mchana. Mama wa kibanda alifukuzwa siku ile ile, sufuria zake zikamwagwa. Baada ya wiki tatu wakaugua wengine, nao walikuwa wakila chakula cha kwao nyumbani. Ndipo bomba likachimbuliwa, likaonekana limepasuka karibu na mfereji wa choo. Mama yule alikuwa akichota maji kwenye mfereji ule ule tuliopewa sisi tunywe. Bomba lilibadilishwa, lakini yeye hakuitwa tena, wala hakuna aliyekwenda kumwambia pole.

Ndugu zangu, tufanye nini?

Kwanza, mtu akihara au kutapika, aseme siku ile ile. Si aibu. Tuandike alikula nini, wapi, na alikunywa maji gani. Anywe maji yenye dawa ya chumvi na sukari, aende hospitali asikawie.

Pili, mahindi yenye kuvu tusile, tusiwape kuku wala ng'ombe, tusiyapikie busaa.

Tatu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atupatie maji safi ya kunywa. Tena inataka kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kamati hiyo isiwe jina ukutani. Ikague mifereji, vyoo na jiko.

Nne, mama wa chakula naye ni mfanya kazi. Tusimfukuze, tumtake akapimwe, anawe mikono kwa sabuni, afunike chakula, na sisi tumdaie maji safi pamoja na yetu.

Tukiuliza njia, ugonjwa utakatwa. Tukipiga mtu, utarudi, na safari ijayo huenda ukaingia nyumbani kwako.

Umoja ni nguvu.