Uchovu wa Katibu si Uvivu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Kiruruma)



Misimu kadhaa iliyopita nilikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi. Uzito wa kahawa ya maganda katika daftari la mapokezi haukulingana na stakabadhi za wakulima. Niliandika taarifa kali, kwani nilidhani nimemkamata mwizi. Hesabu zilipopitiwa upya, fedha haikupungua hata senti moja. Katibu alikuwa akigeuza tarakimu: kilo 68 aliziandika 86. Tangu msimu ufunguliwe alikuwa akipima, akiandika, akilipa, na usiku akilinda magunia ghalani, peke yake. Mtu aliyejulikana kwa upole sasa aliwafokea wakulima.

Hali hiyo inatambulika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba si ugonjwa, bali ni matokeo ya shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na ufanisi kushuka. Angalieni basi: asili yake imo katika kazi yenyewe. Haiponi kwa kumkaripia katibu, wala kwa usingizi wa Jumapili moja.

Wako wasemao, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Katika ushirika methali hiyo haifai. Punda akifa mzigo hubaki njiani, na mzigo wetu ni jasho la wanachama.

Kwa hiyo naziomba bodi za vyama mambo matatu. Kwanza, anayepima asiwe ndiye anayelipa. Mgawanyo huo humpunguzia mtu kazi na hulinda mali pia. Pili, ghala lipewe mlinzi wake. Tatu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Ipangwe mara msimu unapofungwa, na wa kushika nafasi yake afundishwe mapema.

Nawe Ndugu Katibu, usione haya kuiambia bodi kwamba umeelemewa.

Nilirudi kwa katibu yule nikamwomba radhi. Alisema tu kwamba msimu mzima hakuna aliyepata kumwuliza kama anaweza. Ndugu Wanachama, ulizeni mapema.