Mitango Yetu Inapougua
Hotuba ya Katibu kwa Wanachama wa Mtanda, Lindi



Katika sherehe hii ya miaka 10 ya chama chetu, wengi watasema habari za korosho na ufuta, na ni haki yao. Sisi twaomba ruhusa tuseme juu ya bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba. Fedha za korosho huja kwa msimu, lakini chungu hutelekwa kila siku. Mtango uliotunzwa vyema huanza kuzaa baada ya siku 45 hadi 60 tu, ukalisha nyumba na kumpatia mama fedha ya mkononi.

Linalotusikitisha ni kwamba mwanachama akiona jani limegeuka rangi, hukimbilia dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Fedha hupotea, mtango hufa, na sumu hubaki katika tunda ambalo watoto hulila bichi. Yatupasa tuuchunguze mmea kama tabibu amchunguzavyo mgonjwa.

Kwanza, kunyauka. Mtango unaolegea adhuhuri na kuinuka jioni mara nyingi hauna ugonjwa. Huenda ni jua tu. Ukiamka asubuhi ungali umelegea, tutie kidole ardhini. Udongo ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa tope, mizizi inakosa hewa na kuoza. Ukiwa na unyevu wa kadiri, tung'oe mtango mmoja. Mizizi yenye vinundu ni kazi ya minyoo fundo. Hapo tusipande tena tango, wala nyanya, wala bamia. Shina likipasuliwa karibu na ardhi likaonyesha mistari ya kahawia ndani, huo ni mnyauko wa kuvu. Hauna dawa; tung'oe, tuchome moto, na kwa miaka kadhaa tusipande hapo tango.

Pili, majani. Yale ya chini yakigeuka manjano yote kwa pamoja, huenda mmea una njaa. Tuupe samadi iliyooza. Kingo zikiungua, tuonje maji ya kisima, kwani visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi, na mtango hauipendi. Madoa ya manjano yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani, na chini yake ukungu wa kijivu, ni ubwiri vinyoya, unaopenda unyevu wa masika. Tupande kwa nafasi, tuusimamishe mmea juu ya fito, na tumwagilie shinani asubuhi, si majanini jioni. Majani yenye mabaka ya kijani na manjano, yaliyokunjamana, aghalabu ni ugonjwa wa virusi uletwao na vidukari. Huo nao hauna tiba. Mmea ung'olewe mapema.

Tatu, unga mweupe juu ya jani. Hapa twaomba masikio yenu, maana kila mwenye mikorosho aujua ubwiri unga na salfa yake. Jina ni moja, lakini kuvu wa mkorosho si yule wa mtango, wala hawaambukizani. Salfa huweza kuuzuia ubwiri wa mtango, lakini katika joto kali kama letu huyaunguza majani yake. Kwa hiyo salfa iliyobaki shambani isimwagwe bustanini kwa kukisia. Tukate majani yaliyougua tungali mwanzoni.

Nne, matunda. Maua ya kwanza yakianguka tusihuzunike. Hayo ni ya kiume. Ua la kike lina kitango kidogo nyuma yake, nalo huhitaji nyuki. Anayepuliza dawa asubuhi, maua yakiwa wazi, huua nyuki wake na kupunguza mavuno yake mwenyewe. Tango lililotobolewa na kuwa na funza limeingiliwa na inzi wa matunda; tuyaokote yote kila siku na kuyafukia chini sana, yasiachwe kuoza juu ya ardhi. Tango chungu mara nyingi lilikosa maji.

Ndugu wanachama, haya si mambo ya mtu na ua wake peke yake. Vidukari na inzi hawajui mpaka. Anayeacha mitango mgonjwa kusimama kwa kuona haya humwambukiza jirani, na wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Basi, atakayeshindwa na alete jani, mzizi na tunda kwa bwana shamba au bibi shamba kabla ya kutoa shilingi. Na ikibidi kupuliza dawa, tusome karatasi yake na kuzihesabu siku zilizoamriwa kabla ya kuchuma.

Ushirika uliotufundisha kuuza pamoja hauna budi kutufundisha kulinda pamoja.